Herufi za Chini ya Tangazo

Kazini walimwita Bwana Jumla, na jina hilo hakujipa mwenyewe. Alipewa na makarani wa masjala, watu wasio na kazi ya kutosha, kwa sababu kila karatasi iliyopita mbele yake aliiuliza swali moja: "Jumla yake?" Hata mama wa chai akija na birika aliulizwa hivyo hivyo, kikombe na kipande cha mkate, jumla yake? Alikuwa mkaguzi wa matangazo katika mamlaka ya usafiri wa anga, mwaka wa ishirini na sita huo, na kustaafu kwake kulikuwa karibu. Ukimuuliza mkewe atakwambia mume wake alikwisha kustaafu zamani, mwili tu ndio ulikuwa bado unakwenda kazini.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Sheria inasema shirika la ndege likitangaza bei ya tiketi, litangaze bei yote: nauli, kodi, ada ya uwanja, mafuta, kila kitu ambacho abiria hawezi kukikwepa. Na bei hiyo yote iandikwe kwa herufi zisizo ndogo kuliko bei nyingine yoyote iliyomo kwenye tangazo. Sheria fupi, mtoto wa shule angeielewa. Lakini mashirika yana wataalamu, na wataalamu wana kinyota. Unakuta bango ukutani, "Ruka kwa elfu tisini na tisa!", tarakimu kubwa kama milango, na pembeni ya ile tisa ya mwisho pana kinyota kidogo kama kinyesi cha nzi. Kinyota hicho ukikifuata kinakushusha mpaka chini kabisa ya bango, kwenye mstari ambao lazima uuinamie kama mtu aliyeangusha sindano. Huko ndiko wanakokaa kodi na ada na ndugu zao wote.

Bwana Jumla alikuwa akiufuata mstari huo kwa rula. Naam, rula ya plastiki ya watoto wa shule, maana ombi lake la kupewa kipimo cha maana lilikuwa kwa mhasibu tangu mhasibu yule ana nywele. Anapima tarakimu ya juu, anapima ya chini, anaandika milimita, anapiga picha, anatia saini na tarehe. Halafu? Halafu faini. Shirika linalipa faini kama mtu anavyolipia chai, linajifuta midomo, na mwezi unaofuata kinyota kimehamia upande wa kushoto. Miaka ishirini na sita, jamani! Afadhali kutwanga maji kwenye kinu, maana kinu angalau ni chako.

Alikuwa amechoka. Nasema hivyo mapema ili mtu asije akamhukumu kama kijana mwenye nguvu zake. Alichoka asubuhi akiwa bado hajaamka, alichoka akipanda ngazi za ofisi kwa sababu lifti ilikuwa na kibandiko cha "inatengenezwa" ambacho chenyewe kilikwisha kuchakaa. Kitu kimoja tu kilikuwa kikimpa pumzi, na kitu hicho ni kwamba binti yake amepata kazi.

Binti huyu alikuwa kitinda mimba wake. Alipewa jina la bibi yake mzaa baba, kwa hiyo Bwana Jumla hakuwahi kumwita kwa jina, alimwita "mama" tangu yuko kwenye nepi. Ana mkono wa kuchora, wa kuzaliwa nao. Alisomea kubuni matangazo, akafaulu vizuri, akarudi nyumbani na cheti chake, akakaa. Miaka mitatu! Aliandika barua za maombi mpaka karani wa posta akamzoea. Aliandika mabango ya saluni, akaandika "Hongera" juu ya keki za watu, akaandika nambari za nyumba za mtaa mzima kwa malipo ya ahsante. Mwaka wa tatu akaacha kuamka mapema. Bwana Jumla alikuwa akipita mbele ya mlango wa chumba chake saa tatu asubuhi siku za Jumamosi, anakuta kimya, na kimya kile kilimkata maini kuliko kilio.

Halafu kazi ikapatikana. Wapi sasa? Kwenye shirika la ndege, idara ya mauzo, mbuni wa matangazo, mkataba wa majaribio wa mwaka mmoja. Mkewe, mwanamke asiyekawia kutoa hukumu, akatoa amri siku ile ile.

"Kazi zenu mziache mlangoni pamoja na viatu. Sitaki kusikia shirika wala mamlaka kwenye meza yangu. Nimekula na ada za uwanja miaka ishirini na sita, zimenitosha."

Wakacheka, wakakubali. Kazini nako Bwana Jumla akajaza fomu, kama utaratibu unavyotaka, kwamba ana mtoto kwenye shirika fulani. Mkurugenzi wake akaandika "Nimeona" pembeni, akaiweka ndani ya droo, na fomu haikusikika tena.

Miezi saba ilipita salama. Mwezi wa nane likaja lalamiko.

Lililetwa na mpishi wa shule, mama mmoja mwenye mikono iliyoungua ungua, aliyeketi kwenye kiti cha wageni bila kuegemea. Alikuwa ameliona bango nje ya hospitali: elfu tisini na tisa. Dada yake alikuwa mgonjwa mbali, mbali ya ndege. Akaweka akiba miezi minne mpaka zikatimia elfu tisini na tisa kamili, akaenda nazo kwenye dirisha la tiketi, akaambiwa laki mbili na elfu kumi na nne.

"Nikamwambia yule kijana, mwanangu, imeandikwa ukutani," mpishi alisema. "Akaniambia, mama, ukutani pia pana kinyota. Mimi kinyota nikakijulia wapi, baba yangu? Nilidhani ni pambo."

Bwana Jumla aliandika yote, akachukua rula yake, akaenda hospitali. Bango lilikuwa refu kuliko yeye. Tarakimu za juu, milimita mia tatu na kumi. Mstari wa chini wenye bei yote, milimita sita. Alipochutama kuzipima hizo sita, magoti yakalia. Ndipo akiwa pale chini, uso karibu na ukuta, akaitazama tarakimu tisa vizuri. Ilikuwa na mkia uliopinda ndani kidogo kabla ya kuisha. Mkia ule aliujua. Aliuona kwenye madaftari, kwenye keki, kwenye mlango wa nyumba yake mwenyewe. Akabaki amechutama mpaka mlinzi wa hospitali akamuuliza kama anaumwa.

Alirudi moja kwa moja kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa mwanamke wa makamo mwenye miwani mbili, moja ya kusomea na moja ya kutazamia watu. Akavaa ya kutazamia watu.

"Lile faili siwezi," Bwana Jumla alisema. "Mtoto wangu ndiye kalichora lile bango."

"Mwenzako yuko kitandani na mgongo wake tangu mwezi uliopita, na huyo mwingine nafasi yake haijajazwa tangu enzi za Nuhu. Nimpe nani? Mama wa chai?"

"Kuna fomu nilijaza."

"Ninayo. Sikiliza, mzee wangu. Wewe pima tu, andika ulichopima. Kuamua ni kazi ya baraza la malalamiko. Kupima hakuna udugu."

Akapima, akaandika. Akaenda hata kwa mchapaji wa yale mabango, akachukua nakala ya oda, kama anavyofanya kwa kila faili. Mamlaka ikalipelekea shirika notisi: siku kumi na nne za kujieleza.

Nyumbani amri ya mkewe ilishikwa barabara. Baba na binti walikula meza moja, wakapasiana chumvi, wakaulizana hali ya foleni na mvua. Kila mmoja alijua kwamba mwenzake anajua. Mkewe aliwatazama kwa zamu, akasema chakula leo kimekosa nini, mbona mnakitafuna kama dawa.

Jumapili ya pili, mchana, mkewe alikuwa amekwenda kumwona shoga yake. Bwana Jumla alikuwa sebuleni, miguu ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Binti akatoka chumbani ameshika bahasha. Akavuka sebule, akasimama mbele yake.

"Baba."

"Naam, mama."

"Najua tumekatazwa. Lakini leo mkubwa hayupo."

"Hata asipokuwepo amri yake ipo," alisema, akijaribu kutania. Binti hakucheka.

"Wamenipa barua nitie saini. Wanaitaka kesho asubuhi. Inasema lile tangazo kosa ni langu. Mkuu wa mauzo ameniahidi, nikitia saini hanifukuzi, atanihamishia dirisha la tiketi mpaka mambo yapoe. Nisipotia, mkataba ukiisha basi tena."

"Na kosa ni lako?"

"Baba! Mimi nilichora bei yote, kubwa, nikapeleka. Ikarudi. Nikachora tena, ikarudi. Mara ya tatu akaja mkuu mwenyewe akasimama nyuma ya kiti changu. Punguza. Nikapunguza. Punguza tena. Nikapunguza. Ningefanyaje, na mimi ni wa majaribio?"

Bwana Jumla alifumba macho. Hilo alilijua hata kabla hajaambiwa, tangu alipochutama pale ukutani.

Binti akamnyooshea bahasha. "Isome, baba. Kurasa mbili tu. Wewe ndiye unayejua kusoma vitu vya hawa watu."

Mkono wa Bwana Jumla ulikwisha kunyanyuka kuipokea. Ukasimama hewani, halafu ukarudi pajani. Maana katika ile mamlaka kulikuwa na mwiko mmoja mkubwa kuliko yote: mkaguzi haoni karatasi ya upande wowote kabla haijapita masjala na kugongwa muhuri. Miaka ya nyuma mwenzao mmoja, mtu hodari, alisomeshwa utetezi wa kampuni kwenye meza ya hoteli, akafukuzwa mchana kweupe, na faili likafutwa. Tangu siku hiyo Bwana Jumla alikuwa akiogopa karatasi zisizo na muhuri kama watu wengine wanavyoogopa nyoka. Hakuwahi kuvunja mwiko ule hata mara moja. Ulikuwa ndio fahari yake, na fahari nyingine kazini hakuwa nayo.

"Usinionyeshe, mama," alisema. "Hiyo ni karatasi ya faili langu. Nikiiona hapa nimejiharibia, na faili nimeliharibu."

"Sitamwambia mtu."

"Mimi nitajua."

Binti akaushusha mkono. 

"Basi niambie tu. Nitie saini, nisitie?"

Ah, angeweza kusema mengi! Angeweza kusema mpelekee mwanasheria, msomeshe mjomba wako, msomeshe hata jirani. Angeweza kusema usitie kitu leo, kalale kwanza. Lakini alikumbuka ule mlango wa Jumamosi na kimya chake. Aliona kaunta ya tiketi, na binti yake nyuma yake ndani ya sare safi, mshahara mwisho wa mwezi. Na alikuwa amechoka, nimeshasema. Alitaka jambo liishe.

"Tia, mama," alisema. "Kazi ni kazi. Mambo yatapoa."

Binti akaenda mezani, akachukua kalamu iliyokuwa karibu na simu, akatia saini. Bwana Jumla aliyatazama maji ya beseni ili asiione hata kwa mbali. Yalikuwa yamekwisha kupoa.

Jumanne, saa nne na nusu, karani wa masjala alimletea utetezi wa shirika, umegongwa muhuri, umeandikwa saa. "Jumla yake kurasa tatu, mzee," alisema karani, akaenda zake akijichekea.

Sasa aliruhusiwa kusoma, akasoma. Ukurasa wa kwanza ulimtaja binti yake jina zima, jina la marehemu mama mzazi wa Bwana Jumla mwenyewe, likifuatiwa na neno "nakiri". Nakiri kwamba nilibuni tangazo hili na kulipeleka kwa mchapaji bila idhini. Nakiri kwamba nilikwenda kinyume na maelekezo ya wakuu wangu, waliotaka bei yote iandikwe kwa herufi kubwa. Ukurasa wa pili, juu, maneno mengi ya kujuta. Chini ya maneno ya kujuta, mistari miwili ya herufi ndogo, ndogo kwelikweli: ninaelewa kwamba kosa hili ni la kuachishwa kazi mara moja, na kwamba sina dai lolote, la sasa wala la baadaye, dhidi ya shirika au mkuu yeyote wa shirika. Halafu saini, ile anayoijua, na mkia wake umepinda ndani.

Aliitafuta ahadi ya dirisha la tiketi. Aligeuza ukurasa wa pili nyuma, akaurudisha. Aliipitisha rula mstari kwa mstari, mtu mzima na akili zake, kana kwamba ahadi ingeweza kujificha katikati ya maneno. Haikuwepo. Ukurasa wa tatu ulikuwa barua ya shirika: mfanyakazi husika ameachishwa kazi leo asubuhi, tunaomba suala hili lichukuliwe kuwa limekwisha, tupewe onyo la kawaida.

Simu ilikuwa imeita mara tatu ndani ya droo na hakuisikia. Alipoichukua alimkuta mkewe.

"Mtoto amerudi," mkewe alisema. "Amekuja na mfuko wa nailoni una kikombe chake na viatu vyake vya ofisini. Walinzi wamemsindikiza mpaka getini kama mwizi. Amejifungia. Anasema alikuuliza. Baba watoto, alikuuliza nini?"

"Nitakueleza."

"Nieleze sasa."

"Nilimwambia atie saini."

Mkewe alikata simu. Katika miaka thelathini na moja ya ndoa hakuwahi kumkatia simu, daima maneno yalikuwa upande wake. 

Bwana Jumla alilibeba faili akaenda kwa mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa amekwisha kuisoma nakala yake, na uso wake umenawiri kidogo.

"Umeona? Kosa la mtu mmoja. Tunatoa onyo, tunafunga, tunapumua." Kisha akakumbuka. "Pole kwa binti. Vijana hawa."

"Hakukosea. Na barua hii imetoka kwa hila. Aliahidiwa kazi ndipo akatia saini."

"Wewe umejuaje?"

"Aliniambia kabla hajatia. Nyumbani. Nikamwambia atie."

Mkurugenzi akavua miwani, akabaki bila hata moja. Macho yake bila miwani yalikuwa ya mtu aliyechoka vilevile.

"Mzee wangu," alisema polepole. "Umebakiza miezi minane ustaafu. Sasa hivi umetoka kusema neno ambalo mimi naweza nisiwe nimelisikia. Masikio yangu yana matatizo tangu asubuhi. Nenda nyumbani, ukale, ukalale. Kesho uje uniambie huna la kuongeza."

"Ninalo."

"Utajivunjia heshima bure. Kazi hatarudishiwa. Baraza halina mamlaka juu ya ajira ya mtu, hilo unalijua kuliko mimi."

"Najua."

"Sasa unataka nini?"

Alifikiri. Swali lilikuwa la haki. "Sitaki jina lile libaki kwenye faili likisema nakiri," alisema. Aliandika maelezo yake pale pale, ukurasa mmoja, akaupeleka mwenyewe masjala ukagongwe muhuri. Karani aliusoma, na safari hii hakucheka.

Jioni alibisha mlango wa chumba cha binti. Akamweleza, akiwa amesimama koridoni, kwamba kutakuwa na kikao na yeye atatoa ushahidi.

"Fanya unavyoona, baba," sauti ikasema kutoka ndani. Mlango haukufunguliwa.

Kikao kilifanyika baada ya wiki tatu, kwenye chumba chenye feni moja na viti vya kukunja. Wajumbe watatu mbele. Upande wa shirika, mkuu wa mauzo, mtu mwenye tai nzuri na simu mbili, na wakili wao aliyevaa viatu vipya vinavyolia kila akigeuka. Mpishi wa shule alikaa mstari wa kwanza, pale pale ukingoni mwa kiti. Binti wa Bwana Jumla aliingia mwisho, akakaa nyuma karibu na mlango, peke yake. Mama yake alikuwa amekataa kuja. Alisema hawezi kwenda kuwatazama watu wake wawili wakivuliwa nguo hadharani.

Wakili alimwinukia Bwana Jumla kwa upole, kama mtu anayemnyanyua mgonjwa.

"Mzee, umefanya kazi hii miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

"Kwa lugha nyepesi, kazi yako hasa ni nini?"

"Kusoma yale ambayo watu hawayasomi. Herufi za chini."

"Herufi za chini. Vizuri sana. Binti yako alipokuletea barua hii nyumbani, uliisoma?"

"Hapana."

"Hata ukurasa mmoja?"

"Hapana."

"Na ushauri wako ulikuwa nini?"

"Atie saini."

"Bila kuisoma."

"Bila kuisoma."

Mtu mmoja nyuma aliguna, mwingine akashindwa kujizuia akacheka. Mkuu wa mauzo alitazama simu zake. Wakili aliacha kicheko kile kizunguke chumba kizima, halafu akauliza tena, "Kwa hiyo hiyo ahadi unayoisema, hukuiona popote imeandikwa?"

"Sikuiona."

"Ni maneno ya mdomo."

"Ni maneno ya mdomo ya huyo bwana mwenye tai."

Wakili akaketi, viatu vikilia. Bwana Jumla alibaki amesimama, hakuna aliyemwambia akae. Jasho lilimshuka mgongoni. Hakugeuka kutazama nyuma.

Lakini mwenyekiti wa baraza, bibi mmoja mwenye sauti ndogo ambaye muda wote alikuwa akipekua faili, alimwita mkuu wa mauzo. Akamuuliza: kama msichana huyu wa majaribio alipeleka tangazo kwa siri, mabango arobaini yalikaaje mjini zaidi ya miezi minne bila wewe kuyaona? Yule bwana akasema alikuwa na safari nyingi. Bibi akatoa karatasi, ile nakala ya oda ya mchapaji.

"Hii hapa ina saini," alisema. "Pamoja na maneno ya mkono, 'mstari wa chini upungue tena'. Saini ni ya nani?"

Feni ilizunguka. Mkuu wa mauzo akasema ingebidi ashauriane na wakili wake.

Wakaamua siku ile ile. Barua ya kukiri ikatupwa. Shirika likapigwa faini kubwa kuliko zote zilizowahi kupita mikononi mwa Bwana Jumla, likaamriwa kushusha mabango yote, na kumwuzia kila aliyelalamika tiketi kwa bei ile ile ya ukutani. Mpishi aliuliza mara mbili kama ni kweli, elfu tisini na tisa na hakuna kinyota? Alipoambiwa hakuna, akaweka mikono yake usoni. Alimfuata Bwana Jumla akamshika mkono kwa mikono yote miwili, akasema Mungu akuzidishie baba, na Bwana Jumla akamwambia amsalimie mgonjwa.

Kuhusu ajira ya msichana, baraza lilisema halina mamlaka. Kuhusu mkaguzi aliyezungumza habari za faili nyumbani kwake, baraza liliiachia mamlaka yenyewe. Mkurugenzi alimsubiri koridoni. Akamwambia atumie siku zake zote za likizo zilizobaki, kisha asisumbuke kurudi, na barua ya karipio itamfikia kwa posta. Alisema hivyo bila ukali, akampigapiga begani.

Nje kulikuwa na ngazi pana za saruji na jua kali la mchana. Binti yake alikuwa ameketi ngazi ya tatu kutoka chini. Bwana Jumla akashuka taratibu, akiushika ukuta, akaketi kando yake. Magari yalipita. 

"Jina lako limesafishwa, mama," alisema. "Ile barua imefutwa."

"Nimesikia."

"Na wale wamepigwa faini ya haja."

"Nimesikia, baba. Nilikuwemo." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomwogopesha. "Watailipa."

"Watailipa."

"Na wewe wamekutoa."

"Nilikuwa natoka hata hivyo."

Binti akakaa akikwangua doa la rangi kwenye ukucha, rangi ya buluu ya matangazo ambayo haikuwa imetoka bado. Kesho hakuwa na pa kwenda, wala kesho kutwa. Baba yake pia hakuwa na pa kwenda, lakini yeye alikuwa na miaka hamsini na tisa.

"Leo umesema mbele ya watu wote," binti alisema. "Umechekwa kwa ajili yangu. Nimeona. Sitasahau."

"Nilipaswa."

"Ndiyo. Lakini mimi nilikuletea mkononi, baba. Jumapili, tukiwa wawili tu. Kurasa mbili." Akaacha kukwangua ukucha. "Ungeisoma tu."

Bwana Jumla alifungua mdomo amweleze habari za masjala, na yule mwenzao aliyefukuzwa, na mwiko ambao hakuwahi kuuvunja. Maneno yalikuwepo, yamepangwa vizuri, ya miaka ishirini na sita. Akayasikia mwenyewe kichwani jinsi yatakavyotoka, akaufunga mdomo.

"Ningeisoma," alisema.

Binti akaitikia kwa kichwa. Akainuka, akajifuta vumbi la ngazi, akasubiri baba yake naye ainuke, na hakumpa mkono wa kumwinua.